Kotapini ya Kushoto

Niliisikia kabla sijaiona.

Nilikuwa feri, kwenye soko la samaki hapa Mtwara mjini, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, nimeinamia beseni la tasi, nabishana bei na mama mmoja aliyekwisha kunisoma kwamba siku hiyo sina subira. Nyuma yangu ikapita baiskeli. Tak. Kimya kidogo. Tak. Kila pedeli ya kushoto ikishuka, tak, kama mtu anayegonga mlango wa jirani kwa kifundo cha kidole, kwa adabu, bila haraka.

Mkono wangu ukaganda juu ya samaki.

Mlio ule nimekua nao. Ndio uliokuwa ukitujulisha kwamba baba amepinda kona ya msikiti, tuzime redio na tushike madaftari. Nikageuka. Mwanamume wa makamo, kofia ya kufuma, tenga la pweza limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, anakanyaga taratibu kuelekea barabarani. Phoenix nyeusi.

Ya kwetu.

## Nguzo ipo

Ilivyoibiwa sina cha kusimulia. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umechanganya, mji umejaa watu na pesa. Niliiegemeza kwenye nguzo ya baraza la steshenari yangu, nikaingia ndani kumtolea mteja kopi mbili za cheti cha kuzaliwa, nikatoka. Nguzo ipo.

Nikaenda polisi, nikapewa RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Maelezo niliyoyatoa kwa mdomo wangu na kuyatia saini yalikuwa haya: baiskeli moja aina ya Phoenix, rangi nyeusi, thamani shilingi 180,000. Basi. Kasimame dakika kumi nje ya soko uhesabu baiskeli zinazofanana na maelezo hayo, utachoka wewe. Afande aliniuliza namba ya fremu, nikamwambia siijui. Akauliza risiti, nikamwambia ilinunuliwa na marehemu baba. Akauliza kama ina alama yoyote.

"Nikiiona nitaijua," nikasema.

Jibu hilo nimelitafuna wiki sita sasa, tangu siku ile ya feri.

## Kazi yangu ni karatasi

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mimi riziki yangu ni uthibitisho. Asubuhi mpaka jioni nachapa barua za utambulisho za serikali ya mtaa, viapo vya watu waliokosewa herufi moja ya jina, mikataba ya mauziano ya viwanja. Mtu akija na mkataba usiotaja jirani wa upande wa kaskazini, mimi ndiye ninayemrudisha: "Mzee, hapa patakuletea kesi." Kopi ya kitambulisho cha muuzaji, majina ya mashahidi, dole gumba kwa asiyejua kuandika. Yote nayajua.

Na si mimi tu. Sisi watu wa kusini karatasi tunazijua. Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza huku kwetu, mkulima hakubali kuacha gunia lake la korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika akaondoka mikono mitupu. Atasubiri mpaka giza liingie apewe karatasi yake, ataikunja mara nne, ataitia kwenye mfuko wa shati na kuibonyeza kila baada ya hatua kumi. Pesa ikishatoka, mtu huyohuyo atanunua baiskeli ya mkononi chini ya mwembe. Anabonyeza tairi, anapiga kengele, anahesabu noti, kwaheri. TRA, watu wa kodi, wametuimbia mpaka tumekariri, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na mashine za EFD za kutolea risiti zipo tangu 2010. Mashine gani hiyo itapelekwa chini ya mwembe?

Baba yeye alinunua dukani, Masasi, na risiti ilikuwepo. Mama anakumbuka ilikuwepo. Ilikaa kwenye sanduku la bati pamoja na kadi zetu za kliniki, na mchwa walipoingia hawakubagua.

## Neno la silabi mbili

Turudi feri.

Nilimkimbilia nikashika keria kwa mikono yote miwili, mikono yenye magamba ya samaki. Baiskeli ikayumba, tenga likalala upande, yule bwana akateremsha mguu. Na hapo, kwa sekunde ambazo hazikuzidi tatu, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mnalijua. Lina silabi mbili tu, na ukilipaza mahali kama feri, asubuhi, vijana wa kubeba mizigo wamesimama hawana cha kubeba, hulirudishi tena mdomoni.

Nimeshaona linachofanya. Nilikuwa darasa la sita. Aliyeitwa hivyo alikuwa amebeba kuku, na kuku yule, ilikuja kujulikana jioni yake, alikuwa wake.

Kwa hiyo nikasema, sauti nyembamba kama ya mtoto aliyetumwa dukani: "Kaka, shikamoo. Samahani, naomba nikuulize habari ya hii baiskeli."

Shikamoo! Nimemkamata mtu kama mgambo, halafu namwamkia.

"Marahaba," akajibu, macho yake kwenye mikono yangu. "Uliza."

"Umeipata wapi?"

"Nimeinunua."

"Kwa nani?"

Akanyamaza kidogo. "Dada, kwani wewe ni nani?"

Katika maswali yote yaliyoulizwa siku ile, hilo ndilo lililonifaa. Watu walikwisha kuanza kutuzunguka. Mama wa tasi naye alinifuata na mfuko wangu wa samaki, nadhani alikuwa anafuata pesa yake. Yule bwana angeweza kunisukuma akaondoka. Angeweza na yeye kulipaza neno lile, akaniita mimi. Mwanamke ameng'ang'ania baiskeli ya kiume, pweza wa mwenzie wanachuruzika maji barabarani: kati yetu angeaminiwa nani? Badala yake akashuka, akapiga stendi, akasema, "Twende kwa mwenyekiti. Hapa tutaumbuana."

Mwenyekiti wa mtaa alitusikiliza nusu, akasema jambo likishakuwa na RB ni la polisi. Tukaenda, baiskeli katikati yetu. Aliikokota yeye, maana nilipotaka kuishika usukani alinitazama nikaacha. Njiani tuliongea bei ya pweza. Mpaka leo sijui ilikuwaje tukaongea bei ya pweza.

## Kushoto, kulia

Afande wa zamu, binti mdogo kuliko mimi, alifanya jambo ambalo siku ile lilinikera. Aliagiza baiskeli ipelekwe nyuma ya jengo, ndipo akanigeukia.

"Haya. Nitajie alama zake."

"Si ipo hapo nje? Twende nikuonyeshe."

"Ukishaiona hata mimi naweza kukuonyesha. Nitajie."

Siku chache baadaye wakili mmoja anayetoa kopi kwangu alinieleza kwamba ule haukuwa ujeuri. Mahakama ya Rufani imelisema zaidi ya mara moja: mwenye mali aeleze kwanza alama za mali yake, kisha ndipo aonyeshwe. Na ukitaka mtu atiwe hatiani kwa kuwa tu amekutwa na kitu kilichoibwa karibuni, ithibitike kwamba kweli kimekutwa kwake, kwamba ni cha mlalamikaji bila shaka, kwamba kiliibwa karibuni, na kwamba ndicho kilekile kinachotajwa kwenye shtaka. "Hapo pa pili ndipo watu wanapojikwaa," aliniambia huku akipanga karatasi zake. "Mtu anasimama kizimbani anasema simu yangu ni nyeusi." Nikamuuliza, miezi mitano nayo ni karibuni? Akasema inategemea kitu. Kipo kitu kinachopita mikono mitano kwa siku moja, na kipo kinachokaa. Nilipomuuliza baiskeli iko kundi gani, kopi zake zilikuwa tayari.

Basi, nikataja. Nyeusi. Shingoni ina ile nembo ya ndege, bawa moja limefutika. Kiti cha ngozi kimechanika mbele. (Kiti kilikwisha kubadilishwa, nilimwona akiweka alama kwenye karatasi yake.) Kisha nikatoa turufu.

"Ina kovu la kuchomelewa kwenye bomba la kiti, refu kama kidole. Upande wa kushoto."

Kovu lile nilikuwa nalo kichwani kama jina langu. Nilikuwa nimeketi mchangani mara ngapi, namshikia baba spana na kopo la gololi, kovu liko usawa wa macho yangu?

Afande akatoka. Akarudi.

"Kovu lipo. Liko kulia."

Sikuwa na la kusema. Akamgeukia yule bwana, akamuuliza na yeye. Yeye hakufikiri hata kidogo. Tairi la nyuma ni jipya, ameliweka mwenyewe mwezi wa pili. Spoku za mbele zina mirija ya soda, amevisha mwanawe, mirija saba, mitano myekundu na miwili ya kijani. Kengele ni bovu. Ukikata kona kali kwenda kulia, tairi la mbele linagusa madigadi.

Afande akatoka tena, safari hii kuhesabu mirija.

Ilikuwa saba.

Mtu aliyekaa nayo miezi isiyotimia mitano alikuwa anaijua kuliko mimi niliyekaa nayo miaka ishirini na ushei. Hapo nikaanza kujishuku. Phoenix nyeusi ziko ngapi Mtwara hii? Zilizochomelewa kwenye bomba la kiti ziko ngapi? Na krenki, ule mkono wa pedeli, inayogonga, ni yetu peke yetu? Baba ana mwaka wa tatu tangu atutoke, na nimeshawahi kumfuata mzee nisiyemjua sokoni, vibanda sita vizima, kwa sababu ya kikohozi chake tu. Pengine na feri nilisikia nilichotaka kusikia. Nilikumbuka yale magamba ya samaki kwenye keria ya mtu, nikaona aibu ikinipanda kuanzia shingoni.

Suala la kushoto na kulia nililipatia jibu usiku, nikiwa kitandani. Baba akitaka kutengeneza baiskeli aliipindua, kiti na usukani chini, magurudumu juu. Mimi nilikuwa nikikaa usukani uko mkono wangu wa kushoto, kama anavyokuwa mtu aliyesimama ubavu wa kushoto wa baiskeli. Lakini ilikuwa imepinduliwa. Ubavu ule niliouangalia utoto wangu wote ulikuwa wa kulia.

Ila hilo ni la usiku. Pale kituoni nilikuwa mtu aliyekosea alama ya mali yake.

## Elfu tatu

Afande alikwisha kukwangua rangi chini ya kikombe cha krenki, ambako baiskeli nyingi hupigwa namba, na namba ilikuwepo, ila namba isiyo na pa kulinganishwa ni tarakimu tu. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayeijua baiskeli hii. Nikamtaja fundi.

Fundi wetu ana kibanda Chikongola, na alikuwa fundi wa baba kabla mimi sijazaliwa. Alikuja na bodaboda niliyomlipia mimi, spana mkononi kama mtu aliyeitwa kazini. Afande akamsimamisha mlangoni kwa swali lilelile.

"Mwanangu," mzee akasema, "macho yangu siku hizi si ya kuulizwa rangi. Ng'oa kotapini ya kushoto, ile pini inayobana mkono wa krenki kwenye ekseli. Utakuta si kotapini. Ni nondo ya milimita kumi, nimeichonga mwenyewe kwa tupa. Haina uzi wala nati, mkia wake nimeuponda kwa nyundo usichomoke. Na upande mmoja ile mikunjo ya nondo sikuimaliza kuisawazisha, maana mwenyewe alikuwa anawahi msiba Nanyamba."

"Mzee, umekumbukaje yote hayo?"

"Baba yake huyu amekufa na elfu tatu yangu."

Ilibidi kipigwe nyundo nne ndipo kitoke. Afande akakiweka juu ya kaunta, kwenye kitabu cha wageni: kichuma kifupi, cheusi kwa grisi, hakifiki kidole. Upande mmoja umechongwa ukawa bapa na laini. Upande wa pili, ile mikunjo ya nondo, mitatu, kama mbavu za samaki mdogo.

Hakuna aliyezungumza. Yule bwana akakichukua, akakigeuza kiganjani, akakirudisha palepale kilipokuwa. "Kumbe," akasema. "Mimi nilisema mwezi ujao nitainunulia mpya."

Kotapini mpya haizidi bei ya soda. Angeiwahi, ningerudi nyumbani kwa miguu, na kwenye karatasi za afande mimi ningekuwa mwongo.

Fundi, ambaye hajawahi kukutana na kimya asichotaka kukijaza, akaanza kumfundisha afande. Kwa kuwa nondo haikukaa sawasawa kwenye bapa la ekseli, kila pedeli ikishuka na uzito wa mtu mkono wa krenki unacheza kama unywele, ndiyo ile tak. Alikwisha kumwambia mwenyewe mara nyingi alete atiwe kotapini ya dukani, bure, afute tu lile deni. Mwenyewe akakataa.

"Akaniambia, iache igonge. Wanangu wapate muda wa kuzima redio."

Baba alikuwa anajua habari ya redio.

Nilifungua pochi nikatoa elfu tatu nikamlipa fundi palepale kaunta, mbele ya polisi, na nikamwomba afande ruhusa ya kutoka nje kidogo.

## Bibi alivuka Ruvuma

Katika wiki hizi nimekuwa nikimkumbuka bibi, mama yake baba. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, akavuka Ruvuma baada ya vita vya Msumbiji kuanza mwaka 1964, mgongoni ana mtoto, karatasi hana hata moja. Alichokuwa nacho ni nembo. Mistari ya chale mashavuni na kwenye paji la uso, imetiwa masizi ikabaki bluu-nyeusi. Alipenda kutusimulia kwamba waliompokea upande huu hawakumuuliza jina la kijiji. Walimtazama usoni, wakampa maji.

Sehemu ya pili ya hadithi hakuipenda, na tuliipata kwa baba. Uso uleule uliompatia maji mtoni, mjini ulimpatia watoto wa kumfuata nyuma wakimcheka. Wanawe hakuna aliyemchanja.

Siku hizi wanakuja steshenari wazee wa vijiji vya mpakani, wanahangaikia kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA. Wameambiwa walete hiki na kile, na wengi wanachokuja nacho ni mzee mwenzao. Anakaa kwenye benchi langu anasubiri zamu yake ya kusema: huyu namjua, tulitiwa jandoni pamoja. Nilikuwa nikiwachapia barua zao nikiona moyoni kwamba huo si uthibitisho, ni urafiki. Sasa sina uhakika na nilichokuwa nakiona. Mimi nimepata mali ya baba yangu kwa mdomo wa mzee mwenye macho mabovu anayekumbuka deni.

## Tairi la nyuma

Afande alitupa njia mbili. Ya kwanza, yule bwana afunguliwe jalada, na baiskeli ibaki kituoni kama kielelezo mpaka mahakama itakapoamua. Ya pili niandike kwamba sina nia ya kuendelea naye, nikabidhiwe changu, na yeye aeleze yote anayoyajua juu ya aliyemuuzia.

Alieleza. Desemba, kijana, alisema anauguza mama yake. Shilingi 90,000. Maandishi hakuna, shahidi ni shemeji yake.

Elfu tisini kwa Phoenix nzima. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamshika anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Hayo maneno "sababu ya kuamini" yamenikosesha usingizi kuliko kushoto na kulia. Bei ya chee ina harufu yake, na mtu mzima anaisikia. Lakini nani asiyejua kwamba malipo ya mnada wa korosho yakichelewa watu huku wanauza hata milango? Na simu ninayoandikia makala haya niliinunua mkononi kwa mtu, elfu sitini, bila boksi. Nilimuuliza boksi liko wapi. Akasema limepotea katika kuhama. Nikafurahi kuliamini jibu hilo.

Nikaandika kwamba sitaendelea naye.

Sijivuni na hilo. Dada yangu ananiambia nimemfundisha mwizi kwamba soko lipo, na siku nyingine naona ana haki. Aliyeiba hajapatikana mpaka leo. Aliyelipia ni mvuvi.

Nilimtolea yule bwana elfu ishirini ya tairi. Akaikataa, akasema hajaja kuuza tairi. Alifungua ule mpira wa tyubu, akajitwika tenga, pweza wameshaanza kutoa harufu. Kisha akasita.

"Dada, naomba ile mirija. Mtoto ataniuliza."

Tukainama watatu, mimi na yeye na afande mwenye sare yake, tukaivua mirija kwenye spoku mmoja mmoja. Sita ilitoka mizima. Wa saba, wa kijani, ulipasukia mkononi mwangu.

Fundi aliirudisha ile nondo mahali pake kwa nyundo, nikapanda, nikaenda nyumbani. Tak. Miezi mitano nilikuwa nikifikiri siku nikiusikia tena mlio huo nitalia au nitacheka. Nilichokuwa nakisikia njia nzima ni tairi la nyuma, jipya, linashika lami bila kelele. Nilikuwa nimekalia tairi la mtu.

## Jumanne

Nisingeandika haya kama si Jumanne iliyopita.

Yule bwana sikumwambia kazi yangu wala ninapofanyia, lakini Mtwara ni ndogo. Alisimama barazani, kofia ileile, na nyuma yake kijana ameshika baiskeli ya kijani aina ya Hero, iliyotumika. "Dada, nataka karatasi," akasema. Kijana akawa anaangalia chini. Nadhani alikwisha kuelezwa mkasa mzima njiani.

Karatasi ninayo. Niliitengeneza wiki ileile ya feri: aina, rangi, namba ya fremu, jina na simu ya muuzaji, kitambulisho chake, mashahidi wawili, mtaa. Tulipindua Hero pale nje tukasoma namba kwa tochi ya simu, nikaisoma mara mbili, yeye akairudia mara ya tatu. Elfu moja yangu ya kuchapa nilikataa kuipokea. Akaniambia basi aikate kwenye deni la tairi, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba na yeye tairi hajalisahau.

Tukafika mstari wa mwisho, alama maalumu.

"Andika ina mkwaruzo mrefu kwenye bomba la chini."

"Upande gani?"

"Kulia," akajibu, haraka, kwa uhakika wote.

Vidole vyangu vikasimama juu ya kibodi. "Kulia kwa aliyeipanda, au kulia kwa anayeitazama? Na ulivyoiona ilikuwa imesimama, au tulipoipindua?"

Akafikiri. Kijana naye akafikiri. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na kadi ya kliniki ya mtoto akasema yeye aliuona uko kushoto.

Tukatoka nje wote wanne kuangalia.